Kikosi cha Nautilus: Vituko 11 vya Nyambizi ya Kwanza ya Nyuklia

Kabla hatujaanza, tumalize ubishi mmoja: nyambizi ya nyuklia ni birika. Kinu kinapasha maji, mvuke unazungusha tabaini, tabaini zinazungusha rafadha, chombo kinakwenda. Wanasayansi watanuna, lakini ndivyo. Maajabu yako kwenye moto wenyewe, kwa sababu hauvuti hewa. Nyambizi za zamani zilikuwa na injini za dizeli na betri, na kila baada ya muda zililazimika kupanda juu kuvuta pumzi na kuchaji, kama mtu mwenye simu mbovu anayezunguka ukumbini akitafuta soketi huku harusi ikiendelea.

Nautilus ya Jeshi la Majini la Marekani ndiyo iliyotoka kwenye utumwa huo. Ilitumikia kuanzia 1954 hadi 1980, na vitabu vimeisifu mpaka wino umekauka. Mimi nimeipangia kikosi cha mpira, vituko 11, bila wa akiba. Kigezo ni kimoja tu: mahali ambapo chombo hiki cha kisasa kuliko vyote kiliaibishwa, au kuokolewa, na jambo ambalo fundi yeyote wa gereji angelitambua akiwa bado anakunywa chai. Tunashuka kutoka winga hadi golikipa. Kipa ndiye bora wa mechi, usiruke.

11. Chaki ya Rais

Juni 14, 1952, katika karakana ya Electric Boat mjini Groton, jimbo la Connecticut, Rais Harry Truman alishika chaki akaandika herufi za mwanzo za jina lake kwenye bamba la mkuku. Fundi wa kuchomelea akapita juu ya herufi zile na moto, zikabaki milele. Nyote mliowahi kuchapwa viboko kwa kuchora madawati, someni hapo mlie.

Januari 21, 1954, Mamie Eisenhower, mke wa rais aliyefuata, akapasua chupa ya shampeni kwenye omo na chombo kikateleza majini. Septemba 30 kikaingia rasmi jeshini. Halafu? Halafu kikabaki kimefungwa gatini hadi Januari 1955, mafundi wakiendelea kugonga na kukaza. Anayejenga kwa awamu anaijua hali hiyo: unahamia kwanza, madirisha Mungu akipenda.

10. Kocha aliyejipa jezi ya Pelé

Hyman Rickover alizaliwa Poland mwaka 1900, akaletwa Marekani akiwa mtoto, na ndiye aliyelisukuma jeshi la majini mpaka likakubali kuweka kinu cha nyuklia ndani ya nyambizi. Aliwasukuma kwa namna ambayo wakubwa wenzake hawakuipenda. Mara mbili walimruka kwenye orodha ya kupandishwa cheo kuwa admirali, mpaka Bunge la Marekani likaingilia kati mwaka 1953.

Usaili wake ulikuwa mtihani wa imani. Kiti cha msailiwa kilikatwa miguu ya mbele, ikawa mifupi kidogo kuliko ya nyuma, ili kijana ajibu maswali huku anateleza. Aliyejibu ovyo aliweza kufungiwa kwenye kistoo cha mifagio akatafakari. Kijana mmoja aliulizwa alishika nafasi ya ngapi chuoni, akajibu kwa fahari kuwa wa 59 kati ya 820. Rickover akamuuliza kama alijitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Kijana akakiri kwamba si kila mara. Akaulizwa kwa nini, akakosa jibu. Kijana huyo alikuwa Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais mwaka 1977, na swali lile lilimkaa kichwani hadi akalitumia kwenye jina la kitabu chake.

Sasa sikiliza malipo ya kocha. Agosti 8, 1958, Ikulu ya Marekani ilifanya hafla ya kuisifu Nautilus kwa safari iliyoishangaza dunia (tutaifikia kwenye namba 2). Rickover hakualikwa. Umefundisha timu, umechukua kombe, halafu mlinzi wa geti anakuuliza tiketi! Magazeti yalipiga kelele, na baadaye mwezi huohuo mzee alipewa nafasi kwenye maandamano ya mapokezi jijini New York. Alibaki jeshini hadi 1982, jumla miaka 63. Wengi waliomruka walikuwa wamestaafu zamani.

9. Mfungaji wa mazoezini

Nyambizi ya kwanza ya nyuklia kuvuka Atlantiki ilivuka ikiwa jangwani. Sitanii. Kinu cha majaribio, pacha wa kile cha Nautilus, kilijengwa katika nyika kavu ya Idaho, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Kiliwekwa ndani ya kipande cha mwili wa nyambizi, nacho kipande hicho kikazungushiwa tangi la maji ili mambo yafanane. Kilianza kufanya kazi Machi 30, 1953.

Juni mwaka huo waliamua kukiendesha saa 24 kwa majaribio. Saa 24 zilipokwisha, Rickover akakataa kizimwe. Wakatandika ramani ya Atlantiki mezani, wakaanza kuchora safari ya kwenda Ireland, saa baada ya saa, kana kwamba chombo kinakwenda kweli. Wahandisi wakaogopa, wakaomba kisimamishwe, mzee akagoma. Baada ya karibu saa 100 penseli ilifika Ireland. Hakuna aliyelowa hata soksi.

Na urani yenyewe ilitoka wapi? Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, sehemu kubwa ya urani ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ya Waswahili wa migodini. Usidhani hadithi hii ni ya Wamarekani peke yao.

8. Bomba la ngazi

Septemba 1954, chombo kikiwa kimefungwa gatini kinajaribiwa, bomba dogo la mvuke likapasuka. Uchunguzi ukaonyesha kwamba bomba lile lilipaswa kuwa zima lisilo na mshono, lakini lililofungwa lilikuwa la kuungwa kwa mshono, lile la kutengenezea vyuma vya kushikilia ngazini. Katika chombo chenye kinu cha nyuklia! Kila aliyewahi kuuziwa spea feki akiwa ametazama kwa macho yake mawili ajue hayuko peke yake.

Tatizo ni kwamba kwa kutazama tu hakuna aliyeweza kutofautisha zima na la mshono. Rickover akaamuru mabomba yote ya aina hiyo yang'olewe na kufungwa mapya, maelfu ya futi. Hapo ndipo zilipokwenda zile siku za gatini nilizokutajia kwa dhihaka. Naondoa dhihaka. Mzee alikuwa sahihi.

7. Simu ya maneno machache

Januari 17, 1955, saa tano asubuhi, Nautilus ikafungua kamba chini ya Kamanda Eugene Wilkinson na kutuma ujumbe ambao kila mwanafunzi wa historia ya bahari anaujua: inakwenda kwa nguvu ya nyuklia. Mfupi, mtamu, wa kuchongwa kwenye jiwe.

Ambacho ujumbe haukusema ni kwamba muda mfupi baada ya kuondoka, giaboksi ya upande wa kulia ilianza kupiga kelele. Waandishi wa habari walikuwa kwenye boti jirani, kamera tayari. Wilkinson na Rickover hawakutaka kurudi gatini mbele ya macho yale, kwa hiyo chombo kikaendelea na mashine ya kushoto wakati mafundi wakifungua kuangalia. Kumbe ni kipande kidogo kilicholegea. Kikakazwa, safari ikaendelea, waandishi wakaandika kuhusu mapambazuko ya zama mpya.

Mwezi wa Mei ikaenda San Juan, Puerto Rico, zaidi ya kilomita 2,000 chini ya maji mfululizo, kwa muda usiofika saa 90. Hakuna nyambizi iliyowahi kukaribia hapo.

6. Jina la kurithi

Nautilus ni nyambizi ya Kapteni Nemo katika riwaya ya Jules Verne ya 1870. Wengi wanadhani zile ligi 20,000 za kwenye jina la kitabu ni kina cha bahari. Hapana, ni umbali uliosafiriwa. Kwa kina hicho ungetokea upande wa pili wa dunia na bado ungekuwa unaendelea angani. Februari 4, 1957, nyambizi ya kweli ilitimiza maili za baharini 60,000, ikaifikia ile ya kubuni. Urani iliyowekwa mara ya kwanza iliisukuma kwa maili 62,562 kabla ya kubadilishwa. Hesabu mwenyewe ungejaza tangi mara ngapi.

Lakini kulikuwa na Nautilus nyingine inayonigusa zaidi. Mwaka 1931 mpelelezi wa Australia, Hubert Wilkins, alichukua nyambizi chakavu ya enzi za Vita vya Kwanza, akaiita Nautilus, akaenda nayo kutafuta Ncha ya Kaskazini. Injini zilimfia katikati ya Atlantiki. Alipofika kwenye barafu akagundua mabawa ya kuongozea uzamiaji hayapo. Akajaribu hivyohivyo, akachungulia chini ya barafu kidogo, akarudi. Walimcheka. Alifariki mwishoni mwa 1958, akiwa ameishi kuona Nautilus nyingine ikifanya alichokusudia. Machi 1959 nyambizi ya nyuklia Skate iliibuka juu ya barafu pale Nchani, mabaharia wakasimama kwenye baridi kali wakamwaga majivu yake. Hapa sina utani.

5. Matarumbeta

Nyambizi ni chombo cha kunyemelea. Nautilus ilinyemelea kama msafara wa harusi wenye matarumbeta. Maji yalipopita kwenye mwili na mnara wake yalizua mtetemo mkubwa. Ikizidi kilomita 7 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi daladala, sona yake yenyewe ilikuwa haisikii kitu. Mwendo ulipopanda zaidi, mabaharia walilazimika kupigizana kelele ili kusikilizana. Nyambizi zilizofuata zilibadilishwa umbo kwa somo hilo. Mtoto wa kwanza ndiye wa kujifunzia, na wazazi wote wanajua ila hawasemi.

4. Beki mgongaji

Kila timu ina beki wa namna hii. Novemba 10, 1966, baharini mashariki ya North Carolina, Nautilus ikiwa mazoezini chini ya maji iligongana na meli ya kubebea ndege Essex, manowari yenye urefu unaozidi mita 250. Unaikosaje meli ya ukubwa huo? Ndiyo hivyo, haikuikosa. Mnara ukaharibika, Essex ikapata jeraha ubavuni, hakuna aliyekufa, kila mmoja akarudi nyumbani kwake kimyakimya. Refa angetoa nyekundu.

Kwa haki yake, beki huyo huyo mwaka 1962 alikuwamo kwenye zuio la majini la Marekani dhidi ya Cuba, na hakumgonga mtu.

3. Fyuzi

Mwaka 1957, kamanda mpya, William Anderson, anaiingiza Nautilus chini ya barafu ya Aktiki kwa mara ya kwanza. Akaona kama kuna maji wazi juu, akapandisha chombo taratibu. Hayakuwa wazi. Periskopu zote mbili ziligonga barafu zikapinda. Wakatoka kwenye barafu, wakaibuka juu, na mafundi wakapanda mnarani katika upepo na baridi, meli ikiyumba, wakachomelea periskopu moja mpaka ikafanya kazi. Wale wanaokwambia welding haiwezekani leo kwa sababu kuna manyunyu, wape habari hii.

Wakarudi chini, wakasonga mpaka latitudo 87, wakabakiwa na kilomita kama 330 kufika Nchani. Hapo umeme wa dira za jairo ukakatika. Chanzo? Fyuzi. Huko juu dira ya sumaku huwa imechanganyikiwa, na ukishapoteza mwelekeo unaweza kuzunguka duara ukajiona unakwenda mbele, kisha ukaibuka ufukweni kwa Warusi katikati ya Vita Baridi na kuanza kueleza. Anderson akageuza. Uamuzi mgumu na mzuri. Chombo cha atomu kimerudishwa nyumbani na kitu cha kununua dukani kwa sarafu.

2. Baba Krismasi wa Agosti

Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Marekani ikawa na njaa ya jambo la kujivunia. Rais Eisenhower akaidhinisha kwa siri safari ya kupita chini ya Ncha ya Kaskazini kutoka Pasifiki hadi Atlantiki. Juni 1958 Nautilus ikaondoka Seattle, ikaingia Bahari ya Chukchi, ikakuta barafu iliyoshuka chini mno na sakafu ya bahari iliyopanda juu mno. Kwenye sehemu moja ilipita chini ya pande la barafu kwa nafasi ya futi 5 hivi juu ya mnara. Chombo cha karibu mita 100, nafasi ya kimo cha mtoto wa darasa la nne. Anderson akageuza tena, akaenda kujificha Pearl Harbor, Hawaii, kusubiri barafu irudi nyuma.

Julai 23 wakaondoka. Agosti 1 wakapata bonde la bahari karibu na Alaska, wakazama. Agosti 3, 1958, saa tano na robo usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, wakapita Nchani, watu 116, bahari chini yao ikiwa na kina cha mita 4,087. Hapo kila upande ni kusini. Ukimwelekeza mtu nyumba hapo umemkomesha.

Santuri kwenye chumba cha chakula zilizimwa kwa heshima, kamanda akahesabu umbali uliobaki kwa sauti, wakakaa kimya kidogo. Kisha kukawa na keki na akatokea Baba Krismasi, baharia aliyejivika nguo nyekundu, kuwakemea kwa kuingia nyumbani kwake wakati wa likizo. Baada ya saa 96 na karibu kilomita 3,000 chini ya barafu, wakaibuka kaskazini mashariki ya Greenland. Dunia ikapiga makofi.

Lakini wasingefika. Kwa hali ya chombo kilipoingia Seattle, wasingethubutu hata kuanza. Na hapo ndipo anapoingia kipa.

1. Golikipa: dawa ya rejeta

Turudi nyuma, masika ya 1958. Nautilus inatoka Atlantiki kwenda Pasifiki kupitia Mfereji wa Panama, nayo inaumwa mara mbili. Kwanza moshi: vitambaa vya kuzuia joto kwenye mashine vilikuwa vimenywa mafuta kwa miaka, vikaanza kuungua polepole chini ya maji. Moshi ukajaa, macho yakawaka, chombo kikaibuka haraka. Kwenye bahari wazi unaibuka. Chini ya barafu unaibukia wapi? Vitambaa vilibadilishwa, na wakatengenezewa barakoa na mipira ya kuvutia hewa safi kutoka kwenye mabomba, ili watu wafanye kazi ndani ya moshi.

Pili ni jeraha lisiloonekana. Maji ya chumvi yalikuwa yanapenya mahali fulani kwenye kondensa, kule mvuke unakopozwa ukawa maji tena. Kidogo tu, lakini chumvi ikiingia kwenye mzunguko wa birika inakula vyuma, na safari ndefu haiwezekani. Mafundi wa karakana za jeshi walitafuta tundu wakachoka. Wakapapasa, wakapima, hola.

Anderson akakumbuka gari. Mwenye gari la zamani anaijua dawa hii: rejeta ikitoboka na mshahara haujatoka, unanunua kikopo, unamimina, dawa inakwenda yenyewe kulitafuta tundu na kuliziba. Fundi wako anakwambia usizoee, wewe unazoea.

Basi huko Seattle, kamanda wa nyambizi ya kwanza ya nyuklia duniani akawavua mabaharia wachache sare, akawavalisha kiraia kwa sababu safari ilikuwa siri, akawatawanya kwenye vituo vya mafuta vya mji. Nawaona kaunta kwa kaunta, mikono mfukoni, wakiuliza dawa ya rejeta, na muuzaji akiwauliza gari aina gani. Walirudi na makopo 140. Nusu yake ikamiminwa kwenye mfumo wa kondensa.

Uvujaji ukakoma.

Ndani ya wiki chache chombo kikawa chini ya barafu, na kabla ya Agosti kwisha mabaharia walikuwa New York wakimwagiwa vipande vya karatasi kutoka madirishani. Nautilus iliendelea hadi Machi 3, 1980, ilipostaafishwa Mare Island, California, ikiwa imezama zaidi ya mara 2,500. Mwaka 1985 ilivutwa hadi Groton ilikozaliwa, na tangu Aprili 1986 imefungwa kando ya makumbusho ya nyambizi, watu wanapanda na kushuka. Kiingilio ni bure.

Ukibahatika kufika, wewe au mwanao aliyeko Marekani, pita mbele ya kile chumba cha chakula kilichozimiwa santuri, kisha kumbuka bei ya kipa: kopo moja dola 1.80, makopo 140, jumla dola 252.